Unga Mweupe kwenye Karatasi Nyeupe

Wifi yangu, fundi cherehani aliyestaafu, ni hodari wa kutambua uyoga mdogo unaoota kwenye magogo yaliyoanguka. Chuo kikuu huhifadhi anaoupeleka, na kila kisanduku kina jina la ukoo wetu.

Mwezi uliopita alilaza kofia ya uyoga juu ya karatasi, akaifunika kwa glasi ili idondoshe unga wa mbegu, maana rangi ya unga husaidia kujua aina. Kesho yake hakuona kitu. Akaandika "hauna unga", akaupa jina, akaupeleka chuoni.

Juzi aliikung'uta karatasi ile juu ya kitambaa cheusi alichokuwa akikata. Kikajaa vumbi jeupe.

"Wifi, nimeboronga!"

"Nyamaza basi, nani atajua? Jina letu lile."

"Ndiyo maana sinyamazi. Unataka likae juu ya uongo, wewe msomi mzima?"

Barua ya masahihisho niliiandika mimi, kwa mwandiko wangu bora, naye akatia sahihi. Sasa kisanduku kina kibandiko kipya. Jina la uyoga limebadilika. Letu liko palepale, na mimi natembea kifua mbele.