Mzee Swichi na Kiboksi Chenye Homa

Mtaani walimwita Mzee Swichi, na jina hilo hawakumwonea. Akitoka chumbani alizima taa, hata kama ameacha mtu ndani. Akipita sebuleni alizima feni. Ukimaliza kupiga pasi, kabla hujavaa hiyo nguo, waya umeshachomolewa na kukunjwa. Marehemu mkewe alizoea kuoga huku akiimba kwa sauti, ili mumewe ajue kuwa bafuni kuna mtu.

Ujana wake wote na sehemu kubwa ya utu uzima aliumalizia katika kiwanda cha nyuzi, akiangalia mashine. Hakuzitengeneza, aliziangalia tu. Alikuwa akiweka kiganja juu ya bati na kupima joto, na likizidi alizima, mashine ipoe. "Mashine ni kama punda," alipenda kusema. "Haikwambii imechoka. Inaanguka tu." Mwenzake mmoja wa zamu alipuuza hayo akaunguza mashine nzima, na watu wakakaa bila kazi wakisubiri kipuri. Mzee Swichi hakuunguza hata moja. Habari hiyo aliisimulia kila alipopata msikilizaji, na alipokosa aliisimulia vilevile.

Baada ya kustaafu alihamia kwa binti yake wa mwisho. Binti huyo alikuwa karani katika kampuni iliyokuja kufunga milango, akakaa nyumbani muda mrefu ameshika tama, hadi alipopata kazi ya majaribio: kuandika kumbukumbu za mikutano kwa njia ya mtandao. Watu wanakutana huko waliko, yeye yuko chumbani mbele ya laptopu, visikizio masikioni, anasikiliza na kuandika papo hapo. Kazi aliiweza barabara. Laptopu ndiyo iliyokuwa ikimwangusha. Karibu kila asubuhi, mkutano ukiwa umenoga, waifai ilipotea. Wajumbe waliganda kwenye kioo midomo wazi, kisha wakatoweka. Baada ya muda mtandao ulirudi wenyewe, bila kusema ulikuwa wapi.

Sasa, nisikufiche. Kwenye kabati la sebuleni, ubavuni mwa king'amuzi cha televisheni, kulikuwa na kiboksi cheusi chenye vitaa vya kijani. Hiyo ndiyo ruta, iliyogawa waifai nyumba nzima. Mzee alikichukulia kuwa ni mdogo wake king'amuzi, maana vilikaa pamoja na kuchomekwa ukuta mmoja. Kila alipomaliza chai ya asubuhi aliweka kiganja juu yake, akakuta joto. Homa! Na saa hizo nani anatazama televisheni? Akazima swichi ya ukutani, akatoka kumwagilia mchicha nyuma ya nyumba, akirudi anawasha. Hakumwambia mtu. Nani anatangaza kwamba amefunga mlango?

Kilichozidi kumpoteza binti ni simu yake. Simu haikukatika hata siku moja. Waifai ikiondoka, yenyewe ilihamia kwenye bando kimyakimya, na binti akaona mtandao upo, basi mgonjwa ni laptopu. Akaipeleka kwa fundi wa kompyuta pale njia panda, kijana mpole waliyemwita Miwani. Miwani akaifungua, akapuliza vumbi, akaondoa ile hali ya kubana umeme ambayo huzima waifai mashine ikizubaa, akaisahaulisha mtandao na kuiunganisha upya. Ilishinda kwake kutwa nzima bila kukatika. Kesho yake nyumbani, baada tu ya chai, ikakata.

"Nitakuja niione ikiwa kwenye mazingira yake," Miwani akasema kwenye simu.

Alikuja asubuhi. Mzee alifurahi kupita kiasi, maana fundi mwenzake ameingia nyumbani. Hakwenda kwenye mchicha, hakwenda popote. Alivuta kiti hadi mlangoni mwa chumba cha binti akakaa kumsimulia Miwani habari za kiwandani, tangu mashine ya kwanza hadi ile iliyoungua.

"Na kuna jambo nikwambie, mwanangu," akamalizia, akinyoosha kidole kwenye laptopu. "Kikulacho ki nguoni mwako. Ubaya umo humohumo ndani. Tafuta vizuri."

"Sawa, mzee wangu," akajibu Miwani, akaendelea kutafuta.

Mtandao haukutikisika. Miwani alikaa hadi akaona haya, akaaga. Hajafika njia panda, mzee alikuwa ameshaweka kiganja juu ya kiboksi, akakikuta kinafuka joto kwa kucheleweshwa, akazima. Chumbani binti akapiga meza kwa ngumi.

Jioni hiyo msimamizi wake, mama mwenye sauti ya taratibu, alimpigia. Binti aliweka simu kwenye spika, na baba yake akasikia kila neno. "Uandishi wako safi, dada. Lakini wajumbe wanalalamika. Kesho mchana kuna mkutano mkubwa. Ukikatika tena, itabidi nitafute mwingine."

Mzee hakupata usingizi mzuri. Alimhurumia mtoto wake kweli. Alifikiria hata kumshauri ainunulie laptopu feni ndogo, maana kwa uzoefu wake ugonjwa wa mashine yoyote ni joto.

Asubuhi Miwani akapiga simu. "Dada, jambo moja tu. Ikikata, usiishike laptopu. Toka ukaangalie taa za ruta."

Binti alisubiri chumbani. Chai ikanywewa. Vikombe vikasikika vikioshwa. Kisha mtandao ukakata, naye akatoka mbio hadi sebuleni, akamkuta baba yake amesimama, kiganja kimoja juu ya kiboksi, kidole cha mkono wa pili kwenye swichi.

"Baba, unafanya nini?"

"Naipumzisha. Shika hapa, usikie joto lake."

Binti aliona siku zote zile, laptopu iliyofunguliwa tumbo, Miwani wa watu aliyetolewa jasho bure, na hasira ikampanda.

"Kumbe ni wewe! Ni wewe baba! Hiyo ndiyo waifai! Unanizimia kazi yangu kila siku!"

"Hii si ya televisheni?"

"Baba, usiguse kitu humu ndani! Chochote! Umenisikia? Usiguse kitu!"

Hakuwa amewahi kumpandishia baba yake sauti, na wote wawili walilijua hilo. Mzee akawasha swichi taratibu, akaondoa kidole. "Nimesikia," akasema. Moyoni alisikia aibu ambayo hakuwahi kuipata kiwandani hata siku moja. Mwenzake wa zamu alikuwa ameunguza mashine moja. Yeye alikaribia kumwunguzia mwanawe kazi.

Mchana binti alibandika maharage jikoni, akapunguza moto, akaingia chumbani. Alifunga mlango na kusukumiza taulo chini yake ili kelele za nje zisimfikie. Mzee akakaa kwenye kiti cha sebuleni, akitazamana na kiboksi. Vitaa vilimemeta. Bila shaka joto lilikuwa linapanda, na kiganja kilimwasha. Akaviweka viganja vyote viwili chini ya mapaja na kuvikalia.

Mkutano ulikwenda kama maji. Hakuna aliyeganda, hakuna aliyetoweka. Kutoka sebuleni mzee alisikia vidole vya binti vikikimbia kwenye vitufe, na kila vilipotulia roho yake ilisimama hadi vianze tena. Feni ilizunguka bila kumpepea mtu. Hakuizima. Kutoka jikoni maharage yalianza kubadili sauti. Kwanza yalikuwa yakitokota, baadaye yakawa yanatafuna, kisha yakaanza kulia kwa sauti nyembamba anayoijua kila aliyewahi kupika. Harufu ikafuata. Mzee aligeuza shingo akaitazama swichi ya jiko kupitia mlango uliokuwa wazi. Hatua chache tu. Alifikiria kumwita binti, akakumbuka wajumbe watasikia. Mtu wa nje angesema ni ukaidi, na labda chembe ya ukaidi ilikuwepo, maana mzee naye ni mtu. Lakini zaidi aliogopa. Leo asubuhi pia alikuwa na hakika anajua anachokizima.

Mlango ukafunguliwa. "Baba, nimepata!" binti akasema, visikizio bado vikining'inia shingoni. "Wamesema nianze rasmi—" Akakohoa. Sebule ilikuwa imejaa moshi wa bluu. Akakimbilia jikoni, akazima, akafunua sufuria. Maharage yalikuwa yamegeuka makaa.

Alirudi akasimama mbele ya baba yake. "Hukuyasikia yakiungua?"

"Niliyasikia."

"Na hukuzima?"

"Ulisema nisiguse."

Hakulisema kwa hasira. Alilisema kama mtu anayetoa taarifa ya zamu. Ndipo binti alipoona jinsi baba yake alivyokaa.

"Toa mikono huko, baba," akasema, na sauti ikamkatika. "Tafadhali. Itoe."

"Hongera, mwanangu," akasema mzee. Akaitoa mikono chini ya mapaja, imekufa ganzi na ina alama za kiti, akaishikilia hewani mbele yake, asijue aiweke wapi.