Mgongo wa Madam Abeer kwenye Ngome ya Taa

Mwikali alipelekwa Japani kwa sababu ngome waliyokuwa wanakwenda kuiona ilikuwa imepiga marufuku stendi za kamera. Tangazo lilisema wazi kwamba katika usiku wa taa za kiangazi wageni wasibebe miguu ya chuma, maana watu hujikwaa gizani. Madam Abeer alilisoma mara mbili, kisha akamwita Mwikali kutoka jikoni na kumwambia anyooshe mikono.

Mikono haikutetemeka. Kabla ya kuja Jeddah, Mwikali alikuwa ameandika majina ya maharusi juu ya keki kwa miaka sita katika bekari moja mjini Kitui, mara nyingi huku gari la bwana harusi likipiga honi nje. Mtu aliyezoea kazi hiyo hawezi kubabaishwa na simu. Madam akaridhika. Tikiti ikakatwa, viza ikaombwa, na Mwikali akawa stendi ya kamera ya kwanza kutoka Ukambani kupanda ndege kwenda Mashariki ya Mbali.

Katika ukoo wa Baba Turki, mume wa madam, sura za wanawake hazipigwi picha. Ni desturi yao na hakuna anayeilalamikia. Ila imewafanya wawe na albamu za migongo mitupu: mgongo mbele ya maporomoko, mgongo mbele ya mnara, mgongo juu ya mlima wenye theluji. Kila mwanzo wa Agosti ukoo mzima hukusanyika Riyadh, mtaa wa Al-Suwaidi, nyumbani kwa mama yake Turki, na filamu za safari huonyeshwa kwenye televisheni yenye upana wa kitanda. Bi mkubwa huyo, Mama Munira, hutoa hukumu, na hukumu zake hazina rufaa. Mwaka uliotangulia alimtazama madam akiipita bustani ya Uswisi, akasema kwamba mkaza mwanawe anatembea kama mtu anayewahi benki kabla haijafungwa. Hessa, mke wa mdogo wake Turki, alicheka mpaka akaletewa maji.

Kwa hiyo safari hii filamu ilikuwa jambo zito, na madam alimweleza Mwikali masharti yake. Watu wa Riyadh wakiipenda, Baba, ambaye ndiye kafili, yaani mwajiri anayemdhamini nchini, atamtolea ruhusa ya kwenda nyumbani likizo mwezi huo huo wa Agosti. Wasipoipenda, watazungumza tena baada ya Ramadhani.

Baada ya Ramadhani kulikuwa mbali mno. Roselyne, mdogo wake Mwikali, alikuwa anaolewa Jumamosi ya mwisho ya Agosti. Alikuwa ameshaahirisha harusi mara mbili ili dada yake awepo, na kwenye simu sauti yake ilikuwa imeanza kukauka.

"Dada, mara hii singoji," alimwambia. "Nikiahirisha tena, Bonface atadhani uchumba ndiyo kazi aliyoandikwa."

Ngome ilikuwa nyeupe, ghorofa juu ya ghorofa, paa zake zimepinda kwenye kona kama masharubu, na imezungukwa na handaki la maji. Joto la Jeddah lilikuwa limetangulia kufika. Watu walijipepea kwa mapepeo waliyogawiwa mlangoni, nyenze walipiga kelele mitini, na kando ya njia zilipangwa taa za karatasi, mamia kwa mamia. Mwikali hakuona mengi zaidi ya hayo. Kazi yake ilikuwa kukaa hatua saba nyuma ya madam, asiseme, asikaribie, na asiondoe macho kwenye kioo cha simu. Akawa anaitazama Japani katika upana wa kiganja, na katikati ya Japani hiyo kulikuwa na baibui jeusi.

Walipofika lango la tatu taa zote zilizimwa. Lilikuwa jambo la kupangwa. Juu ya ukuta mweupe wakatokea samaki wa rangi ya dhahabu, wakubwa kama mabasi, wakaogelea kutoka ghorofa hadi ghorofa. Zile taa za karatasi zilipowaka tena, Mwikali alitafuta baibui, akalipata palepale lilipotakiwa kuwa, akalifuata.

Alilifuata kwa dakika arobaini. Aliona madam amebadilika, akafurahi. Madam hakuwa na haraka. Alisimama kwenye kila taa. Kwenye daraja aliweka mkono juu ya ukingo na kutazama maji kama mtu aliyewahi kusoma mashairi. Mwikali alimshukuru Mungu kimyakimya, akashikilia simu kwa mikono miwili, na mpaka wanafika kwenye ngazi za kutokea alikuwa tayari amejiona Kitui amevaa gauni la rangi ya maharage, rangi aliyoichagua Roselyne bila kumwuliza mtu.

Pale kwenye ngazi baibui likageuka. Lilikuwa la mama wa Kikuwaiti, umri wa miaka sitini na kitu, mwenye macho ya upole.

"Binti, wewe ni wa nani?" akauliza kwa Kiarabu.

Mwikali alimwambia kwamba ni wa watu wengine. Yule mama hakukasirika. Alikuwa amemwona nyuma yake tangu wale samaki, akadhani ni huduma ya ngome iliyomo kwenye kiingilio. Alimshukuru, akaomba radhi kwa kumchelewesha, maana magoti yake mabaya hayamruhusu kwenda mbio, akashuka ngazi moja moja.

Madam alikuwa lango la tatu, kwenye benchi, amevua viatu vipya vilivyomchubua. Alikuwa anakula barafu iliyomiminiwa sharubati pamoja na Baba, na alikuwa na yakini kwamba Mwikali anamalizia kuipiga filamu ngome. Baba akaichukua simu, na kabla hawajafika hotelini filamu ilikuwa imeshatumwa kwa mpwa wake wa Riyadh aikate na kuitia kasida.

Usiku huo Mwikali alijikaza. Alisema, "Madam, kuna kitu kwenye ile filamu."

"Halas, Mwikali," madam akajibu huku akijipaka dawa kisiginoni. "Nilikuwepo. Najua kilichomo."

Hakuna mtu anayeweza kusema kwamba Mwikali hakujaribu.

Mwanzo wa Agosti wakawa Riyadh. Huko Al-Suwaidi jikoni ni kwa Adhiambo, Mjaluo kutoka Ahero, aliyemhudumia Mama Munira miaka minane na aliyekuwa haogopi chochote isipokuwa mama huyo akinyamaza. Mwikali alimsimulia yote wakipanga vikombe vya kahawa.

"Aki wewe. Umefuata mama ya wenyewe usiku mzima?"

"Dakika arobaini."

"Basi omba stima ipotee, televisheni isiwake."

"Riyadh stima haipotei."

"Hiyo ndiyo shida ya kufanya kazi kwa watu waliojipanga," Adhiambo akasema, akamkabidhi sinia.

Kwa hiyo Mwikali alikuwa amesimama mlangoni na sinia la tende wakati mgongo ulipotokea, mkubwa kuliko wenyewe. Alimwona madam akiinua kikombe, na akaona kikombe kikisimama katikati ya safari. Hakikunywewa wala hakikuwekwa chini. Kwenye televisheni mama wa Kikuwaiti aliipita taa ya kwanza, akatafakari, akaiendea ya pili.

Mama Munira alimwamuru mpwa arudishe nyuma. Akatazama tena. Kisha akasema kwamba hivi ndivyo wanawake walivyotembea zamani, kabla ya dunia kuingiliwa na mbio, na kwamba huyu sasa ndiye mwanamke aliyemposea mwanawe. Baba Turki alivimba kwa furaha.

"Mgongo wa mke wangu," aliwaambia wote, "naujua hata nikiwa usingizini."

Ilipofika sehemu ya daraja, mkono ukatokea ukingoni, na kwenye mkono pete ya feruzi yenye ukubwa wa yai la njiwa. Hessa, ambaye jioni hiyo alikuwa hajapata cha kuchekea, akauliza pete ile ilinunuliwa wapi, maana hajawahi kuiona.

"Ilipotea hukohuko Japani," madam akasema.

Watu wakasikitika. Mama Munira akasema mali huja na kuondoka, mwendo hubaki. Na hapo ndipo alipomgeukia Mwikali na kumnyang'anya harusi ya Roselyne kwa ukarimu. Alitaka binti huyu mwenye mkono wa dhahabu abaki kwake Agosti yote. Yeye mwenyewe alizaliwa Al-Dirah, Riyadh ya zamani, na alikuwa na hamu ya kupigwa filamu akitembea katika mtaa wa baba yake, jua likishapungua, mara mbili tatu kwa wiki kwa kadiri ya magoti yake. Na siku za kupumzika, Mwikali angemsimulia ngome ile hatua kwa hatua, kila alichofanya Abeer.

Sinia lilicheza. Ilikuwa mara ya kwanza kwa mikono ile. Mwikali alimtazama madam, na madam, aliyekuwa na sababu zake za kutotaka kisimuliwe kila alichofanya Abeer, hatimaye akaweka kikombe chini.

"Haiwezekani, Mama. Ana likizo. Anasafiri keshokutwa."

"Keshokutwa?" Baba akashangaa.

"Nilikwambia."

Baba Turki aliitafuta habari hiyo kichwani, hakuipata, akaamua kwamba kweli aliambiwa.

Madam alikuja jikoni peke yake. Adhiambo akakumbuka ana nguo za kuanua.

"Nani yule?"

"Mama mmoja wa Kuwait, madam. Magoti yanamsumbua."

"Hukuona pete?"

"Niliona mgongo, madam. Nilikuwa hatua saba."

Hatua saba zilikuwa sharti la madam mwenyewe. Aliuliza likizo iliyoombwa ilikuwa ya muda gani, akaambiwa mwezi mmoja, akasema iwe miwili, ili Mama Munira apate nafasi ya kuvutiwa na kitu kingine. Kwa simu yake, baada ya sala ya Isha, Baba alitoa ruhusa ya kutoka nchini na kurudi, akihesabu kwa sauti visanduku vya kujaza. Mwikali alimpigia Roselyne kutoka chumba cha pasi. Roselyne alilia, kisha akamwuliza vipimo vya kiuno.

Walirudi Jeddah asubuhi yake, na siku iliyofuata wakampeleka uwanja wa ndege. Madam alisisitiza kumsindikiza mpaka ndani, kwa sababu Hessa alikuwa amesafiri nao kuja kutembea kwao mtaa wa Al-Hamra wiki moja, na Hessa alikuwa anaangalia. Madam alitembea polepole. Alisimama kwenye nguzo ya kwanza, akaitafakari. Alisimama kwenye ya pili. Baba alimtazama kwa mapenzi, na Hessa kwa mashaka, na kaunta ya ndege ya Nairobi ilikuwa inafungwa baada ya dakika kumi na nane.

Mwikali alivumilia mpaka nguzo ya nne. Kisha akasema, "Madam, samahani," akalishika toroli lake, na akaondoka mbio, kama mtu anayewahi harusi.