Sukari ya Tobia

Shemeji yangu Tobia, mdogo wa marehemu mume wangu, ndiye anayeshika ufunguo wa ghala la mbegu za viazi la kikundi chetu hapa Malindi, milimani Lushoto. Miezi ya njaa watu hulipita ghala limejaa, na hakuna aliyewahi kumshawishi afungue kabla mbegu hazijachipua. Hata mimi nilimwomba debe moja mwaka ule wa ukame. Alinijibu, "Shemeji, kapike ndizi."

Mtu huyo ndiye aliyeitwa mroho mbele yangu.

Mwezi wa tatu walikuja watafiti wa uchumi. Kila mkulima aliambiwa achague: kilo moja ya sukari leo, au kilo tatu baada ya mwezi. Tobia alichukua ya leo, akaondoka nayo kwapani.

Mwezi ulipopita, kijana wao Faustine alirudi kutusomea matokeo. Alisema anayechagua kidogo cha leo hana subira, tamaa humshinda, ndivyo nadharia inavyoeleza. Akamnyooshea Tobia kidole kuwa mfano.

"Kumbe tumempa Bwana Leo ufunguo," akasema Anord, mwenzetu aliyechagua kilo tatu. "Atatukaangia mbegu."

Watu walicheka, kisha wengine wakataka ufunguo apewe mtu mwingine kweli. Tobia, aliyelelewa kutobishana na mgeni, akauweka mezani.

Nikasimama. Nimefundisha miaka mingi, na sijawahi kumpa vema mtoto aliyejibu bila kusoma swali.

"Shikamoo mama," Faustine akaniwahi.

"Marahaba. Ulimwuliza kwa nini alichukua ya leo?"

"Hatuulizi sababu, mama. Tunaangalia alichochagua."

"Siku ile ya sukari tulikuwa tunamzika jirani yetu Stephano. Kwenu watu huenda msibani mikono mitupu?"

Badala yake alijibu Beatha, mjane wa Stephano, akiwa ameketi nyuma. "Chai mliyokunywa kwangu ilikuwa ya sukari hiyo. Wewe Anord uliomba kikombe cha pili."

Anord aliuchukua ufunguo mezani, akamrudishia Tobia bila kumtazama usoni.

Hata hivyo Faustine alisema jibu la Tobia litabaki kama lilivyo; hesabu zimeshafungwa. Yaani huko chuoni mtoto wa ukoo wetu atatajwa kuwa mfano wa mtu asiye na subira, kwa sababu alimheshimu maiti. Hilo halijanitoka moyoni.

Tobia alimuaga Faustine kwa adabu, ila akauliza, "Na zile kilo tatu za kina Anord, mwanangu, ziko kwenye gari?"

"Bado ziko Lushoto mjini, mzee. Zinafuata."

Mpaka leo Anord anazisubiri.