Slaidi Niliyoifunika Plasta

Watu wa kanisa letu husema nina roho ngumu. Ni kweli, na siombi radhi.

Nafanya kazi kwenye maabara moja hapa Eldoret. Nakata vipande vya nyama vilivyotolewa kwa wagonjwa, vyembamba kuliko karatasi, navibandika kwenye slaidi za kioo na kuvipaka dawa. Vile vya tezi dume navipaka kingamwili, dawa inayoshika seli fulani tu. Ukiangalia kwenye hadubini, kila kitezi kizima kimezungukwa na mstari wa kahawia. Kansa haina huo mstari. Yaani pahali pasipo rangi ndipo pa kuogopa.

Siku moja vikaja vipande vya baba yangu. Yeye alitoka upande wa ziwani akiwa kijana, akafanya vibarua mjini mpaka akapata kashamba Kiplombe. Slaidi yake niliipaka mwenyewe. Pembeni, mistari ya kahawia ilikuwa safi kabisa. Katikati palikuwa na kikundi cha vitezi vidogo, vitupu, hata doa hakuna.

Nikampelekea daktari wetu, yule anayesoma slaidi na kutia sahihi. Aliangalia kidogo tu, simu iko sikioni.

"Madam, hapa katikati dawa haikushika. Umeharibu."

"Lakini daktari, pembeni imeshika. Si slaidi ni hiyo hiyo?"

"Wewe kazi yako ni kupaka. Kusoma niachie mimi."

Wenzangu wakacheka. Nikamwomba nirudie, akakataa. Akaandika: uvimbe wa kawaida wa uzee. Ningeipeleka kwingine, najua. Lakini baba alifurahi na ile ripoti mpaka akachinja jogoo, na mimi, Mungu anisamehe, nikaanza kujiambia pengine daktari anajua. Nikala ile kuku.

Miezi minane baadaye mgongo ukamlaza baba kitandani. Hospitali nyingine wakampima, wakasema kansa imeshafika kwenye mifupa.

Sikulia. Niliingia stoo nikaitafuta ile slaidi, nikafunika jina na namba kwa plasta. Alhamisi huwa kuna mkutano, madaktari wanaangalia slaidi pamoja zikiwa zimemulikwa ukutani. Nikaiweka hapo.

"Daktari, hebu tusaidie na hii."

Alisimama kwa maringo yake yote. "Hii ni kansa wazi. Oneni pembeni, dawa imeshika vizuri, kwa hivyo mtu asiniambie imeharibika. Hata mwanafunzi wa mwaka wa pili hawezi kuikosa."

Nikabandua plasta polepole. Nikasoma jina la baba yangu kwa sauti, halafu ripoti yake, neno kwa neno, mpaka kwenye sahihi. Aki, uso ulimshuka! Alitafuta kiti kwa mkono bila kuangalia nyuma. Nimeolewa, nimezaa, lakini sijui kama nimewahi kusikia raha kama ile. Niliila polepole.

Jumapili daktari akaja Kiplombe na unga na sukari. Baba, ameegemea mito, akamshika mkono.

"Daktari, hata wewe ni binadamu. Nimekusamehe." Akamwombea, akaombea hata watoto wake. Mimi nilisimama mlangoni nikisaga meno. Chai nilimpa kwa sababu baba aliniagiza.

Baadaye nilimsindikiza mpaka kwenye gari lake. Alikuwa anapangusa macho, ati mzee wangu ana moyo mkubwa sana, ati sasa atapata usingizi.

"Ana moyo mkubwa kweli," nikamwambia. "Lakini amekusamehe kwa sababu yeye hajui kusoma slaidi."

Akabaki ameshika mlango wa gari. Nilikuwa nimepanga kuishia hapo na kumgeuzia mgongo, lakini mdomo ulikataa kunyamaza.

"Sisi wawili tunajua kusoma," nikasema. "Na sisi wawili tuliiona mapema."