Gazeti la Bucha

Bucha ya hapa kwetu bado hufunga nyama kwa gazeti. Kila nikifungua, ile harufu ya wino uliolowa damu hunirudisha mjini, mtaa wa Eastlands, kwenye bomba la ploti yetu ya vyumba vya kupanga, nikifua nepi za mtoto wa Anti. Alinitoa kijijini nikiwa darasa la tatu, akiahidi kunisomesha, kumbe alitaka yaya.

Siku moja nilirudi kutoka bucha nikamkuta mama mmoja mwenye faili, wa shirika la kutetea watoto. Jirani ndiye aliyemwita. Alikuwa akimuuliza Anti mbona siko shule.

"Huyo kichwa chake hakishiki kitu, madam," Anti akamwambia. "Hata herufi a haijui!"

Kila jioni nilikuwa nikisoma yale magazeti ya nyama kabla ya kuyawashia jiko, kwa kuwa sikuwa na kitabu. Nikalifungua la siku hiyo pale pale, nikasoma kwa sauti: habari za mpira, bao la dakika ya mwisho, refa kurushiwa chupa. Wanawake waliokuwa wakifua wakaacha kufua. Katikati ya ukurasa nikasimama.

"Hapa sioni," nikasema. "Damu imefunika."

Vigelegele vikapasuka ploti nzima. Mama wa faili akaniambia nikachukue nguo zangu, twende.

"Na hiyo nyama itapikwa na nani?" Anti akauliza.

Nikamwekea nyama mikononi. Gazeti nikaondoka nalo.