Ruhusa Niliyoona Haya Kuiuliza

Mwanangu, bado naiona asubuhi ile baba mkwe aliposimama mlangoni kwetu Lubumbashi, miaka ile Katanga ilipojitangaza kuwa nchi peke yake. Alikuwa akimkusanyia patro mmoja mgeni, yaani bosi mwenye kazi, vijana wa kwenda kujenga barabara ng'ambo ya mpaka. Alimtaka mdogo wangu, Ilunga.

Sasa sikiliza ubaya wangu. Mimi nilikuwa karani katika ofisi iliyowapa waajiri ruhusa ya kupeleka watu nchi nyingine. Nilijua fika kwamba mwajiri asiye na ruhusa hajulikani anakaa wapi, na mtu akipotea mikononi mwake hakuna wa kuulizwa. Kila siku niliwadai wageni ruhusa hiyo bila kupepesa macho. Lakini huyu alikuwa mkwe! Kwetu Waluba mkwe humtazami usoni, sembuse kumdai karatasi kama askari wa barabarani. Nikainamisha kichwa, nikajibu, "Ndiyo, tata," yaani baba. Tena nilijiona kijana mwenye adabu kweli. Ilunga akapanda lori la kwenda Mokambo, mpakani, akicheka, amevaa shati langu.

Hakurudi. Nilikwenda mwenyewe hadi Mokambo kumtafuta, na hakuna aliyemfahamu patro huyo. Ofisini kwetu pia patro huyo hakuwahi kufika kuomba ruhusa.

Mama hakunipigia kelele. Aliniuliza tu, mbele ya majirani:

"Weye unaandikaka ruhusa ya kupeleka bantu ng'ambo. Ndugu yako iko wapi?"

Hadi leo aibu ya swali hilo nalala nayo, naamka nayo.

Baba mkwe naye alikuja akilia. "Mutoto wangu, kama ungeniuliza, mi pia ningemuuliza patro. Nilimuonea haya." Kumbe tulikuwa wawili, kila mmoja anamstahi mkubwa wake, na kijana wa watu akaenda hivyo hivyo.

Nasikia nawe unataka kwenda kufanya kazi nje, na anayekupeleka ni mtu wa kanisani kwetu. Muulize iko wapi ruhusa yake ya serikali. Hata angekuwa mjomba wako, muulize. Hata angekuwa padri, muulize vilevile. Ukiona haya, niite, nitamuuliza mimi. Akinuna, mwache anune.

Nenda na baraka zangu, mwanangu. Mungu akupe kinywa chepesi cha kuuliza, na popote utakapofika, sisi huku nyumbani tujue ulipo.