Bakuli Lililorudi Tupu

Tulikuwa watano mlangoni pa jela ya Kismayo: mama yangu, mimi mwanawe wa pekee, walinzi wawili, mmoja ameoa kwa jirani zetu, na mkubwa wao, aliyekuja mwisho. Wa sita ni mjomba, kaka yake mama, na yeye alikuwa ndani. Majina yote ninayo. Siyaandiki, maana wana wao wangali hai.

Mjomba alikuwa mvuvi wa kisiwa cha Chovai. Alifungwa kwa kuwanyima askari samaki wa bure. Kila mchana mama alimpikia wali, akautia katika bakuli la bati, akawapa walinzi wamwingizie. Sasa, kwetu chombo cha mwenzio hakirudi kitupu. Ukiwa huna kitu, tia hata punje ya chumvi. Siku ya kwanza mjomba alirudisha kokwa ya tende. Ya pili, uzi wa kikoi chake. Ya tatu bakuli likarudi tupu, na ya nne vilevile.

"Leo amekula nani?" mama akauliza.

"Ndugu yako, mama. Amelamba mpaka bati."

"Bati mmelamba nyinyi! Ndugu yangu harudishi chombo kitupu. Fungua nimwone."

Yule mkwe wa jirani akacheka. "Nenda kapike. Kesho zidisha nazi."

Mama akaketi pale pale kizingitini, hakubanduka mpaka mkubwa alipokuja baada ya alasiri, akaamuru mlango ufunguliwe. Mjomba keshakufa. Homa ilimshika, na siku mbili walinzi hawakumfungulia, hata maji hawakumpa. Mtungi ulikuwa upande wao, umejaa.

Mkubwa akaandika karatasi, akamtaka mama atie dole gumba ndipo apewe maiti. Mama hakujua kusoma. Akanipa mimi wa madarasa mawili, nikaisoma herufi kwa herufi: marehemu alikataa chakula.

Mama akalifunga dole lake katika pindo la leso. "Mchu wangu, ndugu yangu huyu, hakukataa. Alinyimwa. Andika hivyo."

"Basi maiti hupati."

"Nitakaa."

Tukakaa mpaka adhana ya magharibi. Mkubwa alipoona hatubanduki, akaichana ile karatasi, akaandika nyingine: hawakumfungulia, hawakumpa maji. Niliisoma mara mbili. Ndipo mama akafungua leso.

Walinzi walihamishwa tu, basi. Lakini mjomba hakuzikwa na uongo, na wajukuu wangu hapa Mombasa wakiniuliza sisi ni watu gani, nawatajia mama yangu kwanza.

Huenda uzi ulitangulia, kokwa ikafuata. Mliokuwa Kismayo siku zile, kama nimepindua, nisahihisheni.